Nilivyoandika igizo la mapenzi ya watumishi wa jumba la Kiingereza

Igizo lina dakika 40 na wahusika sita. Linatokea mwaka 1865 katika jumba kubwa la mashambani Uingereza, kule chini jikoni na kwenye ukumbi wa watumishi. Rasimu ya kwanza haikumchekesha mtu. Mhudumu wa mezani na mpenzi wake walikutana kila walipotaka, wakaambiana maneno matamu, wakaagana. Hapakuwa na cha kuwazuia, basi hata mtazamaji hakuwa na cha kuwaombea.

Nikaanza upya na kanuni za nyumba. Wanawake walilala darini, mbali na wanaume, na funguo zilikaa kiunoni mwa msimamizi wa nyumba. Uchumba ulikatazwa. Aliyenaswa alifukuzwa bila barua ya sifa, na asiye na barua hiyo ilikuwa taabu kuajiriwa kwingine. Kuighushi lilikuwa kosa kwa sheria ya 1792, faini pauni 20. Sasa tazama mishahara iliyoorodheshwa na Isabella Beeton, mwandishi wa kitabu cha utunzaji wa nyumba, mwaka 1861: mhudumu wa mezani anayepewa sare, pauni 15 hadi 25 kwa mwaka. Mtazamaji akishapima hayo, mtu kujibanza kabatini kati ya mashuka kunamchekesha na kumtia hofu papo hapo. Ila ni lazima ayajue mapema. Nimeyaweka katika dakika tano za kwanza, butla, mkuu wa watumishi wa kiume, akimsomea mhudumu mpya masharti ya kazi.

Kanuni iliyonifaa kuliko zote ni ya majina. Katika nyumba nyingi, mhudumu wa mezani alipewa jina la kazi, James au John, hata kama alibatizwa jingine. Wenye nyumba hawakutaka kujifunza jina jipya kila mtu alipobadilika. Hapo nilipata kisa kizima. James wa zamani ameondoka bila kuaga. Msichana muosha vyombo wa jumba la jirani bado anamwandikia. Barua inaingia katika mfuko wa posta wenye kufuli, bwana anaufungua, butla anagawa kwa majina, na James mpya anapokea kilicho chake kwa haki kabisa. Anaisoma, anaipenda. Kosa lake linaanzia pale anapojibu.

Nilikuwa na barua tisa, nikabakiza tatu. Baada ya ya tatu mtazamaji ameshaelewa mchanganyiko, anataka kuona nyuso. Tena stempu ilikuwa peni moja, na muosha vyombo wa mshahara wa chini kwa orodha ileile alipata pauni 5 kwa mwaka, yaani kama peni 23 kwa wiki, maana pauni ya wakati huo ilikuwa na peni 240. Msichana huyu hawezi kuandika ovyo. Kila barua yake ikawa fupi, imebanwa hadi pembeni mwa karatasi, na mapenzi yakaonekana zaidi.

Watumishi waliofuatana na wageni nao waliitwa kwa majina ya mabwana zao. Nililiingiza hilo pia, nikalazimika kulitoa. Michanganyiko miwili ya majina katika igizo moja inamfanya mtazamaji ahesabu watu badala ya kucheka. Kulitoa kuliniuma.

Mwisho ndio ulionipa kazi kubwa, na ulitokana na kengele. Zilivutwa kwa waya kutoka vyumba vya juu, na chini ya kengele mara nyingi palikuwa na timazi, yaani kizito kinachoning'inia, iliyoendelea kuyumba baada ya mlio, ili aliyechelewa ajue ni chumba gani kimeita. Nikaifanya saa ya onyesho la mwisho. Msichana anafika mlango wa nyuma, anamwona James asiye wake, na kengele ya sebuleni inalia. Lazima James aseme jina lake la ubatizo kabla timazi haijatulia.

Nilitaka iyumbe angalau nusu dakika. Mpira mwepesi ulisimama mapema, hewa iliuzuia. Kipande cha chuma cha gramu 200 kwenye uzi wa mita moja kilifaa: kwenda na kurudi ni sekunde mbili, polepole kiasi cha kuonekana hadi safu ya nyuma. Mvutaji akae nyuma ya pazia, avute mara moja tu na kuachia. Mwigizaji wa James asiiangalie kabisa. Msichana ndiye anayeiangalia, na anajibu ikiwa bado inayumba kidogo.