Kidudu kinachotoboa matawi ya kahawa: nilivyokipunguza kwenye kibanja chetu

Naandika hii kwa wenzangu wa Kagera na wa upande wa pili Uganda wenye kahawa ya robusta, maana huyu mdudu tunaye wote na bado naona watu wanamwaga hela kwenye dawa kama nilivyomwaga mimi, inaniuma kweli.

Kibanja chetu kiko Bukoba vijijini, tuliachiwa na marehemu baba. Ni migomba na kahawa zimechanganyika kama ilivyo kwetu, mibuni 310, juu yake kuna miti mikubwa ya mishambya na mihumula, kivuli cha kutosha. Mwishoni mwa kiangazi cha 2019 nikaanza kuona vitawi vinakauka. Sio mti mzima. Mti umesimama kijani kabisa alafu katikati yake unaona kitawi kimoja majani yamegeuka kahawia, baadae meusi, yananing'inia tu, na mara nyingi ndo kitawi chenye matunda. Mama alivyoona akanyamaza kwanza, alafu akauliza kwa sauti ya chini kama ni ule mnyauko umerudi, yaani mnyauko fuzari uliokausha kahawa za watu huku kwetu miaka ya tisini. Usiku ule sikulala vizuri.

Nikaenda duka la pembejeo, nikauziwa dawa, nikapiga. Baada ya wiki tatu vitawi vingine vimekauka. Nikapiga tena, na tena. Hela ya kupuliza mara tatu ile ingelipa vibarua msimu mzima.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja afisa ugani alikuja kwa jirani, nikamwomba apite na kwangu. Hata hakukaa, akauliza, "Kaka, umewahi kukipasua hicho kitawi?" Sijawahi. Akaomba wembe. Akageuza kitawi upande wa chini, akanionyesha katundu kadogo kama kamechomwa na pini, hakafiki hata milimita moja, pembeni kameacha unga mweupe laini. Alafu akapasua taratibu kwa urefu. Jamani. Moyo wa kitawi wote umeliwa, pamebaki chumba kirefu kama pingili mbili za kidole, ndani wamejipanga vidudu vyeusi vinavyong'aa, kila kimoja kama punje ya ulezi, katikati yao funza weupe wasio na miguu na mayai madogo sana. Mama akaita "njooni muone", wajukuu wote wakajaa pale.

Sasa huyu mdudu maisha yake ukiyaelewa utajua kwa nini dawa inapita juu tu. Mti wenyewe hauli. Jike anatoboa kitawi kibichi, anachimba kile chumba, alafu anapanda ukungu anaokuja nao mwilini, ana kamfuko kake maalumu ka kuubebea. Ukungu ukiota kwenye kuta za chumba ndo chakula, yeye na watoto wake wanakula huo. Yaani ni mkulima kabisa, amehamia ndani ya kahawa yangu analima. Kitawi kinakufa kwa sababu moyo umetobolewa na ukungu nao unakidhuru. Na wanaoana humohumo ndani kaka kwa dada, madume ni wachache, wadogo zaidi na hawaruki, kwaio wanaotoka nje ni majike ambayo tayari yana mimba, kila mmoja anatafuta kitawi chake. Kutoka yai mpaka mdudu kamili ni kama mwezi mmoja tu. Ukipuliza dawa nje ya jani wao wako ndani wamefunga mlango.

Wana ukoo mkubwa sana duniani, hata ruhuka yule anayetoboa tunda la kahawa kwenye kitovu ni ndugu yake. Kule Kanada kuna ndugu zao wanaokula chini ya gome la misonobari, jimbo la British Columbia waliathiri misitu karibu hekta milioni 18. Huyu wetu asili yake ni Asia, Uganda aligunduliwa 1993 Bundibugyo, leo ni shida mpaka huku Kagera.

Nilichofanya. Kwanza nikakubali kwamba kazi ni ya mikono. Kila Jumamosi ya pili mimi na vijana wawili tunapita mstari kwa mstari, kitawi kikianza kunyauka tu, hata kama majani bado yana ukijani kidogo, tunageuza tunatafuta tundu, tunakata vidole vinne chini ya tundu. Nilichagua wiki mbili kwa sababu ya ule mwezi mmoja, nikichelewa majike mapya yameshatoka na nimekata nyumba tupu.

Alafu kuna kosa nililofanya mwezi wa kwanza ambalo nataka ulishike. Nilikata vizuri lakini vitawi nikavitandaza chini ya migomba kama matandazo, si ndo tulivyozoea, hakuna kinachotupwa kibanjani. Kumbe wale wadudu hawana shida na kitawi kilichokatwa, wanamalizia kukua humo humo wanatoka wanarudi juu. Mwezi wa pili mibuni iliyozunguka yale matandazo ndo ilikauka vitawi kuliko sehemu yoyote. Tangu siku hiyo tunabeba kwenye kiroba kilichofungwa mdomo, siku hiyohiyo kinaingia jikoni kwa mama kinachomwa.

La tatu kivuli. Hili lilinipa shida na mama maana ile mishambya baba aliipanda kwa mkono wake. Lakini huyu mdudu anapenda penye kivuli kizito na unyevu, alafu miti mingi ya kivuli nayo anaitoboa, na kakao, na parachichi. Hatukuing'oa, tulipunguza matawi ya chini na migomba iliyosongamana, jua likaanza kugusa kahawa. Na maotea tunayang'oa mapema, vile vichipukizi laini anavipenda sana, tunabakiza tu yale ya kubadilisha shina.

Nilijaribu na mtego pia, chupa ya plastiki nimeitoboa madirisha, ndani kikombe kidogo cha pombe kali na chini maji ya sabuni, kwa sababu harufu ya spiriti inawavuta, mti ulioelemewa na ukame unatoa harufu kama hiyo. Ulinasa wachache. Mi nautumia kujua tu lini wanaruka kwa wingi, usitegemee umalize nao shida.

Mara ya kwanza tulikata vitawi 640, nilihesabu mwenyewe. Baada ya mwaka mmoja tulikuwa tunakata kati ya 60 na 90 kwa raundi. Haijawahi kufika sifuri na sidhani itafika wakati kibanja cha upande wa magharibi hakikatwi, wale wanaruka wanavuka mpaka bila kuniomba ruhusa. Nilienda kwa mzee mwenye kibanja hicho nimebeba kitawi na wembe, nikamwambia "mzee wangu, shikamoo, naomba tupasue hiki pamoja". Akakitazama muda mrefu, akavaa miwani akakitazama tena. Mwisho akaniuliza hao vijana wangu nawalipa shilingi ngapi. Jumamosi hii tunaanzia kwake.