Merikebu ya makaa ya mawe

Leo jioni nimeiwaza tena Earl of Pembroke. Wengi wanaijua kwa jina lake la pili, Endeavour, chombo cha nahodha James Cook, mvumbuzi wa Kiingereza. Mimi moyo wangu uko kwenye ile miaka yake ya mwanzo isiyosimuliwa.

Iliundwa Whitby, kaskazini mwa Uingereza, kwenye karakana ya Thomas Fishburn, ikashushwa majini mwaka 1764 kwa kazi ya kubeba makaa ya mawe. Urembo haikuwa nao: tumbo pana, omo (sehemu ya mbele) butu, na chini bapa, ili maji yakipwa ikae wima mchangani ipakuliwe. Sisi wa pwani tunaijua thamani ya chombo cha namna hiyo.

Jeshi la majini la Uingereza lilipoinunua mwaka 1768 kwa ajili ya safari ya uvumbuzi ya Cook, kwa pauni 2,840 na ushei, lilitaka umbo lile lile la kubebea makaa. Na umbo hilo likawaokoa watu. Usiku wa tarehe 11 Juni 1770, mashariki mwa Australia, ilipanda mwamba maji yakiwa yamejaa. Wakatupa baharini mizinga sita na farumi (uzito wa kuituliza merikebu), kila mtu akashika pampu kwa zamu, Cook mwenyewe akiwemo. Walipoinasua usiku uliofuata, wakachukua tanga, wakalishonea sufu na nyuzi za kamba kuukuu, wakalipaka samadi, wakalipitisha chini ya mkuku (uti wa chini wa merikebu) mpaka nguvu ya maji ikalivuta likaziba tundu. Baadaye, walipoipweleza mtoni ili waitengeneze, wakakuta kipande cha tumbawe kimekwama ndani ya tundu lenyewe. Kila nikifika hapo nasoma mara mbili.

Ilirudi nyumbani 1771. Cook akapandishwa cheo. Merikebu ikatumwa kupeleka shehena visiwa vya Falkland, kisha mwaka 1775 ikauzwa kwa pauni 645. Bei hiyo inaniuma. Ikaitwa Lord Sandwich, ikavusha askari wa Kijerumani waliokodiwa kupigana Marekani, ikageuzwa jela huko Newport, Rhode Island, Marekani, na Agosti 1778 Waingereza wenyewe wakaizamisha pamoja na nyingine ili kuziba njia ya manowari za Wafaransa.

Mwaka 2022 makumbusho ya bahari ya Australia yalitangaza kwamba mabaki yake yametambuliwa palepale Newport. Watafiti wa huko Rhode Island wakapinga, wakasema ni mapema mno. Wabishane, ila kwanza wazilinde hizo mbao chache zilizosalia, maana wadudu wa baharini wanazitafuna.