Kiti Changu Nyuma ya Wavu

Leo mvua imefuta mechi, na kwa kuwa ligi ya watoto ya mtaa wetu hapa Columbus, Ohio, imefika nusu ya msimu, nimepata nafasi ya kuandika jambo ambalo limenizunguka kichwani tangu Aprili: kazi ya mzazi ni ipi hasa mtoto wake anapocheza besiboli? Nauliza nikiwa mtu aliyekulia Tanga, ambako michezo ya watoto ilikuwa ya watoto. Nilipochaguliwa kwenda UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, mama alinifulia sare, akanipa nauli na kuniambia nisichelewe kurudi, basi. Haikumpitia akilini kuja kukaa pembeni ya uwanja wa netiboli kunitazama, wala mimi sikumtarajia, na hakuna aliyeona kwamba huo ulikuwa upungufu wa mapenzi.

Huku mambo ni kinyume. Wazazi huja na viti vya kukunja, mablanketi, kwa sababu Aprili ya Ohio bado ni baridi, na maboksi ya barafu yaliyojaa vinywaji. Ligi yenyewe iko chini ya Little League, mfumo ulioanzishwa na Carl Stotz huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, na uhai wake wote unategemea wazazi: makocha ni wazazi wanaojitolea, wanaochora mistari ya chokaa ni wazazi, na hata soseji za kibandani huchomwa na wazazi kwa zamu. Mume wangu amekwisha kuwa fundi wa mistari. Mimi nimepangiwa kibandani, na nakiri kwamba harufu ya soseji haitoki kwenye mtandio hata ukifuliwa.

Ubaya ni kwamba mtu akishatoa jasho kiasi hicho kwa ajili ya uwanja, huanza kuona kwamba naye ana sehemu katika mchezo wenyewe. Kuna baba mmoja, mtu mwema kabisa, ambaye kila mwanawe anaposhika gongo humwagia maelekezo kupitia wavu: inua kiwiko, rudi nyuma, tazama mpira, usiogope. Hebu tupige hesabu. Katika umri huu wa miaka 11 mrushaji husimama kiasi cha mita 14 kutoka kwa mpigaji, na mpira unaokwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa huzimaliza mita hizo kwa muda unaozidi nusu sekunde kidogo tu. Ndani ya muda huo mtoto anatakiwa auone mpira ukitoka mkononi, akisie utapita wapi, aamue kuupiga au kuuacha, kisha azungushe gongo. Maneno ya baba hayana pa kukaa humo, na yakipata pa kukaa, basi yamekalia nafasi ya kitu ambacho mtoto alikihitaji zaidi.

Mimi nimeokolewa na kutojua. Nilipoanza kuja uwanjani sikuelewa kwa nini mpira uliopita bila kuguswa wakati mwingine humhesabia mpigaji kosa na wakati mwingine humfaa, kwa hiyo sikuwa na la kumwelekeza mtu. Nilikuwa na maswali tu, na niliyauliza garini tukirudi nyumbani. Kwa nini yule alirudi besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza cha mkimbiaji, wakati mpira ulikuwa umekwisha kupigwa? Kwa nini mdakaji alionyesha vidole viwili? Mwanangu, ambaye swali la “mbona umekosa?” humfunga mdomo mpaka tufike nyumbani, kwa maswali haya hufunguka na kunieleza kwa mikono yote miwili, na mara nyingi katikati ya maelezo huliendea mwenyewe kosa lake na kulitaja kana kwamba lilifanywa na mtu mwingine. Bibi yake, tulipompigia simu Tanga, aliuliza kama mchezo huu ni rede, ule mchezo wetu wa kukwepa mpira. Mjukuu akamjibu kuwa ni rede ambayo anayerushiwa mpira amepewa gongo la kujitetea, jibu lililomridhisha Bibi kabisa, na kwa kweli hata mimi sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Hata hivyo, kukaa kimya hakutoshi, kwa sababu uso nao husema, na besiboli humwacha mtoto peke yake kuliko michezo mingi ninayoijua. Katika soka aliyekosa husahaulika upesi, maana muda si muda mpira umekwisha kuhamia upande wa pili. Mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani aliyehesabiwa kosa mara tatu, hana budi kutembea hadi benchi akiwa na gongo mkononi, mchezo umesimama, macho yote kwake. Ni safari ambayo kila mchezaji huizoea, kwani hata katika ligi kuu ya Marekani anayefanikiwa mara tatu katika kila kumi huhesabiwa miongoni mwa wapigaji bora, lakini mtoto wa miaka 11 humwambii takwimu akakuelewa. Wiki iliyopita nilimtazama mmoja wa timu yetu, si wangu, akiitembea safari hiyo baada ya kukosa wakati wenzake walikuwa wamejaa kwenye besi zote tatu. Helmeti ilikuwa imemshuka hadi kwenye nyusi. Hatua chache kabla ya benchi aliinua macho na kuyapeleka moja kwa moja kwenye viti vyetu, akimtafuta mama yake. Mama alikuwa anamenya chungwa. Alimwinulia kipande kimoja, namna ya kumuuliza kama atakula, mtoto akatikisa kichwa, akaingia benchini, akachukua mbegu za alizeti na kuanza kutema maganda pamoja na wenzake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikaa karibu na mama huyo kila ninapopata nafasi.

Kuna mahali pamoja ambapo mzazi hapaswi kunyamaza, napo ni kwenye mkono wa mtoto anayerusha. Kiwiko cha umri huu bado kina sehemu laini za ukuaji kwenye ncha za mifupa, na ligamenti ya upande wa ndani, utepe unaofunga mfupa kwa mfupa, huvutwa kwa nguvu kubwa katika kila mpira wa kasi. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kwanza wa kuitengeneza upya ligamenti hiyo, na leo upasuaji huo, unaoitwa kwa jina la mchezaji mwenyewe, hufanyiwa hata vijana wa sekondari. Ndiyo maana tangu mwaka 2007 Little League huhesabu mipira: mwenye miaka 11 au 12 hawezi kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 ni lazima apumzike siku nne. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo huishia langoni mwa ligi. Mtoto anayechezea ligi Jumamosi na klabu ya kusafiri, ile inayokwenda kucheza miji mingine, Jumapili ana makocha wawili, kila mmoja na daftari lake safi, na mwenye kujua jumla ni mzazi peke yake.

Ndugu zangu huniuliza kama watoto wa kwetu nao huucheza mchezo huu. Huucheza. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Uganda ilifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, ikakwama kwa kunyimwa viza za Marekani. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi, mji wa Uganda, ikafika, ya kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano hayo. Mimi huwafikiria zaidi wazazi wa mwaka 2011. Mtoto aliyekosa mpira unaweza kumwachia asubiri mpira unaofuata, lakini aliyeshinda uwanjani akashindwa kwenye makaratasi, sijui unamkalisha wapi na unaanza na neno gani.

Kwetu sisi makaratasi ni ya aina nyingine. Klabu moja ya kusafiri inamtaka mwanangu kwa msimu wa vuli, kwa ada ya kutisha, na hoja yao ni kwamba asipoanza sasa ataachwa nyuma. Mimi hoja hiyo hainiingii. Baba yake inamwingia kidogo. Mwenyewe tulipomuuliza alijibu kwamba vuli anataka kucheza soka na wenzake wa mtaani, kisha akafikiri, akauliza kama sare za klabu huandikwa jina mgongoni. Tumempa hadi Ijumaa. Akikubali, kabla sijalipa hata senti nitamwandikia kocha anieleze atakavyoihesabu mipira ya Jumamosi.