Kanuni ya Makofi

Juzi jioni mtoto wa kaka yangu, ambaye yuko mwaka wa tatu akisomea sayansi ya kompyuta, aliniwekea mezani fomu ya kuombea ufadhili wa shahada ya uzamili, akaniuliza, "Shangazi, wewe hapa uliandika nini?" Kidole chake kilikuwa juu ya maelezo niliyoyatambua mara moja: eleza ulikotoka, utafiti uliofanya na kazi unayotarajia kuifanya. Nilimwambia nitamjibu kesho, kwa sababu swali lile lilikuwa limenirudisha kwenye baraza ya nyumbani Muheza, Disemba ya 2012.

Nilikuwa likizo kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nina kompyuta mpakato ya kuazima na mradi wa mwaka wa mwisho ulionishinda. Niliandika programu ya kuchambua vitenzi vya Kiswahili, ipokee neno kama "hatutawaambia" na kulikata ha-tu-ta-wa-ambi-a, kwa kuwa programu ya kusahihisha tahajia inayotegemea orodha ya maneno tu haifiki mbali katika lugha ambayo mzizi mmoja huzaa maumbo yasiyohesabika. Nilikuwa nimesoma juu ya Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, ambaye mwaka 1983 alionyesha namna ya kuipa mashine kanuni za maumbo ya maneno, na juu ya Arvi Hurskainen wa chuo hicho hicho, aliyeitumia njia hiyo kwa Kiswahili. Lengo langu lilikuwa kwenda kusoma huko, kisha nirudi niwe mtafiti.

Kilichonishinda ni silabi moja, ku. Katika "hatakupenda" ku ni wewe unayetendwa. Katika "hakupenda" ni wakati uliopita. Katika "hatakuja" si hiki wala kile. Nilikuwa nikiziba kila kosa kwa mstari wake, mpaka vighairi vikazidi kanuni.

Mama, mwalimu wa darasa la pili kwa miaka mingi, alikuwa akipeta mchele pembeni. Aliponiona nimeinama kimya aliniuliza kulikoni, nikamsomea yale maneno. Akaweka ungo chini. "Mwanangu, usiyasome kwa macho. Yapigie makofi." Akaanza taratibu, kofi zito likiangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ha-ta-KU-ja, a-li-KU-ja. Kisha: a-KI-ja, ha-JA-ja, HU-ja, HA-ji. Viganja vyake vilikuwa na vumbi la mchele, na kila kofi lilirusha unga mweupe uliokaa hewani kidogo kwenye jua la saa kumi. "Umesikia? Kitenzi chenyewe ni silabi moja, lazima jirani yake aubebe mkazo. Ki anaubeba, hu anaubeba. Li hawezi, ta hawezi, na hawezi, me hawezi. Basi ku anakuja kuwasaidia." Akarudia kwa kula, kwa kunywa, kwa kufa, nami nikapiga makofi pamoja naye kama mtoto wa darasa lake.

Usiku ule nilifuta vighairi vyote, nikaweka makundi mawili ya viambishi: vinavyobeba mkazo na visivyoubeba. Kwenda na kwisha tu ndivyo vilivyobaki na ukaidi wao.

Mengine yalikwenda haraka. Mradi ulifaulu, nikajaza fomu, sikuchaguliwa, nikaajiriwa kuandika programu za malipo kwa simu, kazi ninayoipenda hadi leo.

Jana niliitafuta nakala ya fomu ile. Kwenye historia niliandika shule na alama. Kwenye utafiti niliandika kwamba "nilibaini" kanuni ya mkazo, na neno hilo limenikaa kooni tangu jana. Sikukusudia kumdhulumu mama. Labda niliogopa kwamba watu wa mbali wataona utafiti uliotoka kwenye ungo kuwa si utafiti. Ndani ya programu nilikuwa mkweli zaidi, maana sehemu ile niliiita piga_makofi, lakini hata huko sikuandika makofi yalikuwa ya nani.

Mtoto wa kaka aliisoma fomu yote, akanyamaza, kisha akauliza, "Bibi anajua?"

Nimekata tiketi ya basi ya Jumamosi. Sehemu ile ya programu nimeichapisha kwenye karatasi, kwa herufi kubwa ambazo macho yake yataziweza, na juu yake nimeacha mstari mmoja mtupu mpaka aniambie kama anataka jina lake liandikwe.