Jani la okidi likibadilika, anza na mizizi

Watu wanaojua kwamba ninapenda maua hunitumia picha za majani ya okidi na kuniuliza wanunue dawa gani. Mara nyingi ninawajibu kwa kuwaomba picha nyingine, ya mizizi. Jani la okidi halina njia nyingi za kulalamika: hulegea, hukunjamana, hugeuka manjano au hutoka madoa, na kila dalili inaweza kuletwa na sababu mbili zinazopingana kabisa, ambazo tiba zake nazo zinapingana. Hapa nitazungumzia hasa Phalaenopsis, okidi yenye majani mapana na manene inayouzwa kwenye vyungu kuliko nyingine zote.

Jani lililolegea ndilo linalopotosha watu zaidi. Mama mmoja, jirani yangu hapa Kampala, aliniletea okidi yake majani yakiwa yamenyauka na kufanya mikunjo kama ngozi ya embe lililokaa sana, akaniambia, "Mwanangu, naimwagilia kila asubuhi na bado ina kiu." Alikuwa amesema kweli kwa pande zote mbili. Mmea ulikuwa na kiu kwa sababu ulikuwa ukimwagiliwa kila asubuhi, kwani mizizi ilikuwa imeoza na haikuweza tena kunywa. Tulipoutoa kwenye chungu tulikuta udongo mweusi wa bustani, ule unaouzwa pamoja na miche kwenye makavera, yaani mifuko ya plastiki, kando ya barabara. Udongo huo unafaa sana kwa nyanya na waridi, lakini Phalaenopsis kwa asili huishi juu ya miti katika misitu ya Asia, mizizi yake ikiwa imeshika gome na kupigwa na upepo. Mzizi wake umevikwa tabaka nene la sponji ambalo hufyonza maji ya mvua kwa muda mfupi, kisha hutaka kukauka. Ukiufukia kwenye udongo unaoshika maji, unakosa hewa na kuoza.

Kuutambua mzizi mzima si kazi ngumu. Ukiwa mkavu huwa na rangi ya kijivu inayong'aa kama fedha, na ukilowa hugeuka kijani mbele ya macho yako. Ubonyeze kwa vidole viwili: ulio mzima ni mgumu, ilhali uliooza hubonyea, hutoa maji ya kahawia, na ukiuvuta ganda lake la nje hubanduka na kubakiza uzi mwembamba mkononi. Mmea uliokosa maji kweli nao hulegea majani vilevile, ila mizizi yake utaikuta migumu na ya kijivu mpaka kwenye kitako cha chungu. Huo ni wa kumwagiliwa vizuri, basi. Wenye mizizi iliyooza unahitaji kukatwa sehemu zote laini kwa wembe safi, kuachwa ukauke kwa siku moja kivulini, kisha kupandwa upya katika vipande vya gome la msonobari vilivyochanganywa na makaa, ndani ya chungu chenye matundu ya kutosha. Makaa yapo kila mtaa wa Uganda. Chagua yaliyo magumu na ambayo hayajawahi kuwashwa, yapasue yawe na ukubwa wa ncha ya kidole gumba, uyaoshe vumbi na kuyaloweka usiku kucha kabla ya kuyatumia.

Kuhusu jani la manjano, tazama kwanza liko wapi. Jani la chini kabisa likigeuka manjano polepole na kuanguka, huku la juu likiendelea kukua, huo ni uzee wake na hakuna cha kutibu. Manjano yanayoanzia juu, pale katikati ambapo majani yote yanakutana, ni jambo la hatari, kwa sababu huko ndiko jani jipya linakotoka na maji yakilala humo usiku kucha mmea huoza kutoka ndani. Misimu yetu ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ndiyo huua okidi nyingi za barazani kwa njia hii. Mwagilia asubuhi, nyonya maji yaliyotuama katikati kwa ncha ya karatasi ya shashi, na kama okidi inalala nje, iweke chini ya paa au uinamishe chungu kidogo ili maji yateremke.

Madoa yanahitaji subira ya siku mbili tatu. Chukua kalamu ya wino, uzungushe mstari kwenye ukingo wa doa, kisha usubiri. Doa lililobaki ndani ya mstari, kavu, lililoanza kwa weupe na kuishia kahawia, likiwa upande wa jani unaotazama jua, ni la kuungua. Wengi hunikatalia hapo wakisema chungu hakijahamishwa tangu mwaka jana. Chungu hakijahama, lakini jua limehama. Kampala iko kaskazini kidogo tu ya ikweta, hivyo mwezi Juni jua huelemea upande wa kaskazini na mwezi Desemba upande wa kusini, na baraza iliyokuwa kivulini nusu mwaka hujikuta ikichomwa nusu ya pili. Sogeza chungu ndani kidogo au tundika pazia jepesi. Jani lenyewe liache, kwa kuwa sehemu yake ya kijani bado inaulisha mmea.

Doa lililovuka mstari, lenye majimaji, laini likiguswa, mara nyingi likiwa na duara la manjano pembeni, ni la bakteria, na hapo usichelewe hata siku moja. Kata jani sentimita mbili ndani ya sehemu nzima, kwa wembe uliofutwa kwa spiriti kabla na baada ya kila mkato, upake unga wa mdalasini kwenye kidonda tu bila kugusa mizizi, uache kulowesha majani na utenge mmea huo na wenzake mahali penye upepo. Ninasikitika kuona watu wakinyunyizia dawa ya ukungu ya nyanya, kwa kawaida mankozebu, kwenye ugonjwa huu. Dawa hiyo hupambana na kuvu, na bakteria huendelea kula jani wakati mwenye mmea anaamini ameshatibu.

Wadudu huonekana kwa anayegeuza jani. Vidung'ata hukaa kama pamba nyeupe kwenye shina la jani, na utitiri huacha upande wa chini ukiwa na vumbi la rangi ya fedha. Futa kwa kitambaa cheupe chenye maji ya sabuni, na vidung'ata uwaguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti, ukirudia kila wiki kwa kuwa mayai hubaki. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye chungu, watafute vidung'ata, maana sisimizi hufuata utamu wanaoutoa na huwalinda.

Kuna ugonjwa mmoja usio na tiba. Jani likiwa na michirizi au miduara iliyopauka, inayojirudia kwenye kila jani jipya, yaelekea ni virusi, na virusi husafiri kwa wembe usiosafishwa. Mmea ulio na dalili hizo ninashauri utupwe, hata kama bado unatoa maua.

Wenye okidi yetu ya asili, Ansellia africana, ile ya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, wasitishike mashina yake ya zamani yanapopoteza majani, kwani ndivyo ilivyo. Ila tafadhali inunuliwe kwa anayeizalisha, isibanduliwe kwenye mti msituni.

Baada ya tiba yoyote, usitarajie jani lililokunjamana sana au lililoungua kurudi lilivyokuwa. Angalia ncha za mizizi: zikianza kuwa kijani kibichi au zambarau na kurefuka, mmea umepona, na jani jipya litafuata baada ya wiki kadhaa. Mbolea ianze hapo, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, juu ya mizizi iliyokwisha kulowa.