Nilivyoipanga siku yangu ya Hiroshima kwa kufuata maji

Nilikuwa na siku moja tu Hiroshima, na mambo mawili sikutaka yanipite: Bustani ya Amani iliyo katikati ya mji, na lango jekundu la hekalu la Itsukushima linalosimama baharini kwenye kisiwa cha Miyajima. Kwa kuwa nimekulia Tanga, kabla ya kuulizia saa za kufunguliwa kwa makumbusho nilitafuta kwanza jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Lipo kwenye mtandao, siku kwa siku. Maji yakizidi sentimita 250, hekalu huonekana kama linaelea. Yakishuka chini ya sentimita 100, mtu anatembea kwa miguu mpaka kwenye lango. Siku yangu iliangukia bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida: maji yajae mnamo saa nne asubuhi, yapwe mnamo saa kumi alasiri, kisha yaanze kurudi. Nikaamua asubuhi iwe ya mji, mchana uwe wa kisiwa.

Kutoka stesheni kuu nilipanda tramu. Unaingia, unakaa, nauli unalipa wakati wa kushuka, kwa hiyo ni vizuri sarafu ziwe tayari mkononi. Tramu za mji huu nazipenda kwa sababu moja: bomu la atomiki lilidondoshwa tarehe 6 Agosti 1945, na tarehe 9 tayari kipande cha njia kilikuwa kinabeba abiria tena. Mabehewa mawili yaliyonusurika, namba 651 na 652, yapo barabarani hadi leo.

Nilishukia Genbaku Dome-mae, kituo kilicho mbele ya Kuba la Bomu la Atomiki. Kuba lenyewe ni gofu la jumba la maonyesho lililojengwa mwaka 1915 kwa mchoro wa Jan Letzel, msanifu wa Kicheki. Bomu lililipuka angani, yapata mita 600 kutoka ardhini na karibu juu yake kabisa. Mshindo ulishuka wima, ndiyo maana baadhi ya kuta hazikuanguka. Ukizunguka kwa kando ya mto unaona vyuma vya kuba vilivyobaki mbavu tupu, na chini yake vifusi vya matofali vilivyoachwa pale pale vilipoangukia.

Ndani ya makumbusho nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kilichonishika ni kisanduku cha chakula cha Shigeru Orimen, mvulana wa shule. Kimebondeka, na chakula kilichomo, alichofungashiwa na mama yake asubuhi ile, kimekuwa mkaa mweusi. Mama alimtambua mwanawe kwa kisanduku hicho. Hapo niliona faida ya kusafiri peke yangu: hakuna aliyenivuta mkono tuendelee, wala sikulazimika kuzungumza. Ukimaliza vyumba vya maonyesho unatokea kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa unaotazama bustani, na kutoka pale mnara wa kumbukumbu na lile gofu vinaonekana vimepangwa kwenye mstari mmoja. Msanifu Kenzo Tange ndiye aliyechora hivyo makusudi. Usiondoke mbio, keti hapo kwanza.

Tramu ya njia namba 2 inakwenda moja kwa moja mpaka Miyajimaguchi, penye kivuko cha kwenda kisiwani. Ni mwendo wa karibu saa nzima, nami nilihitaji huo utulivu. Kivuko huchukua dakika 10, na ndani ya nauli mna yeni 100 za kodi ya wageni.

Nilifika maji yakiwa yamekupwa, nikavua viatu. Lango la sasa ni la mwaka 1875, limepita mita 16 kwenda juu, na nguzo zake mbili kubwa ni magogo ya mkafuri. Kwa karibu unaona chaza wadogo wamegandamana kwenye mti, na alama ya kina cha maji iko juu kabisa ya kichwa changu. Nguzo hazikuchimbiwa ardhini! Lango linasimama kwa uzito wake, likisaidiwa na mawe yaliyojazwa ndani ya boriti ya juu. Nilizunguka kila mguu nikiligusa kwa kiganja. Mafundi walioliacha lisimame hivyo kwenye bahari inayopanda na kushuka mita kadhaa kila siku wanastahili heshima kubwa.

Mjini sikula ile chapati yao maarufu ya kwenye bamba la chuma, kwa kuwa huwekwa nyama ya nguruwe. Kisiwani nikala chaza wa kuchomwa wakiwa bado kwenye magamba, wamekamuliwa limau. Hiroshima ni mkoa wa chaza na malimau pia. Kulungu wanazurura mtaani, basi shika chakula chako vizuri, na karatasi pia.

Nikasubiri. Kufikia magharibi maji yalikuwa yamezirudia nguzo, kwa hiyo mchana mmoja ulinipa lango la nchi kavu na lango la baharini. Kurudi mjini nilitumia treni ya JR, shirika la reli la Japani, safari isiyofika nusu saa. Ukitaka kuona yote mawili, chagua siku za mwezi mchanga au mwezi mpevu. Siku za maji mafu bahari haishuki vya kutosha, utaliangalia lango ukiwa ufukweni tu.