Bendera mara 12
Nimerudi nyumbani sasa hivi, sauti imekauka.

Tulikuwa Katuba, hapa Lubumbashi, kwa yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, televisheni moja, watu zaidi ya ishirini, jenereta ikinguruma nje.

Leo, 26 Oktoba 2024, ligi ya Uhispania: Barcelona yetu 4, Real Madrid 0. Tena kwao, Bernabéu!

Msimu uliopita, chini ya kocha Xavi, Madrid walitupiga kwenye ligi nyumbani na ugenini. Wachezaji wengi ni walewale. Ila kocha mpya, Hansi Flick, amewapandisha mabeki hadi karibu na mstari wa kati, nyuma yao uwanja mtupu.

Wandugu, niliogopa! Kila Mbappé, mshambuliaji wa Madrid, alipochomoka nilishika kichwa.

Halafu bendera ya mwamuzi msaidizi inapanda: ameotea, yaani pasi ilipopigwa alikuwa ameshawapita mabeki wetu.
Inapanda tena.
Madrid wameotea mara 12, Mbappé peke yake mara 8.

Kipindi cha pili niliacha hata kufuata mpira. Nilimtazama beki wetu Cubarsí, miaka 17, anavyopiga hatua moja mbele pamoja na beki mwenzake Iñigo Martínez, bila kutazamana, ili mshambuliaji abaki nyuma yao, ameotea. Hatua moja tu. Moyo huo anautoa wapi?

Yaya anasema mchezo huu utatuumiza siku moja. Mimi nimeupenda hivyohivyo.

Watu wa Lubumbashi, mlitazamia wapi? Mabeki wa timu yenu wangethubutu?